UZI: Tramadol zimepungua kwenye plaketi. Hesabu kwanza, mwizi baadaye

MwanaKatuba (mwanzilishi wa uzi)

Jambo wote. Uzi huu ni wa watu wanaoishi na maumivu ya kila siku na kunywa dawa nzito za maumivu, kama tramadol na morfini, kwa ordonansi (karatasi ya daktari): wenye mgongo ulioharibika, wenye SS (seli mundu), wenye kansa, waliokatwa mguu na mguu huo huo bado unawauma. Kuna jambo linajirudia katika kila kartie (mtaa) ya Lubumbashi. Mtu anafungua kopo asubuhi, vidonge ni vichache. Kelele inaanza pale pale. Mtoto wa shangazi anashukiwa, binti wa kazi anapekuliwa begi, na usiku ukiingia mgonjwa anatokwa jasho kitandani, kwa sababu katika vurugu zote hizo hakuna aliyeuliza dozi ya usiku itatoka wapi.

Mpangilio ninaoona unafaa: hesabu, kisha mwili wa mgonjwa, kisha daktari, halafu ndiyo kufuli na maswali ya nyumbani. Wa farmasi na wauguzi mliomo humu mtasahihisha.

Hesabu inakwenda hivi. Chukua ordonansi. Tuseme ni tramadol ya miligramu 50, kimoja mara 3 kwa siku, siku 20. Jumla 60, yaani plaketi (zile karatasi za aluminiamu zenye vidonge) 6 za kumi kumi. Dozi ya kwanza ilinywewa asubuhi ya tarehe 3. Ukihesabu asubuhi ya tarehe 15 kabla ya kunywa, zimepita siku kamili 12, zimetumika 36, lazima zibaki 24. Ukikuta 17, zimepungua 7. Sasa igeuze hiyo 7 iwe siku: dawa iliyotakiwa kufika jioni ya tarehe 22 itaisha mchana wa tarehe 20. Hilo ndilo jibu la kwanza unalohitaji, maana linakuambia una muda gani wa kufika kwa daktari.

Hesabu juu ya sahani nyeupe, tano tano, kwa mwanga wa mchana. Rudia mara mbili. Halafu pekua sehemu ambazo dawa hupenda kulala: pochi ya kwenda ibada, mfuko wa koti, chini ya mto, sashe ndogo ya kwenda nayo kazini, plaketi iliyoteleza nyuma ya droo. Nusu ya "wizi" huishia hapo.

NesiRuashi

Aksanti MwanaKatuba. Naongeza sehemu moja ya kupekua ambayo watu hawaipendi: tumbo la mgonjwa mwenyewe. Tramadol inaleta usingizi na kusahau. Mtu anashtuka saa nane usiku, umeme umekatika, maumivu yanakata, anameza kimoja gizani. Saa kumi na moja anashtuka tena, hakumbuki, anameza kingine. Kwa wiki moja hizo ni nne au tano bila mtu yeyote kuingia chumbani.

Dawa ya hilo ni biki. Kila plaketi ipewe namba nyuma kwenye aluminiamu, 1 hadi 6, na juu ya kila tundu andika siku na wakati: J3 asb, J3 mch, J3 us. Ukiamka gizani unawasha tochi ya simu, unaona tundu la "us" limeshapasuliwa, unarudi kulala. Kaye (daftari) ni nzuri pia, lakini mgonjwa mwenye usingizi haandiki kwenye kaye. Tundu lililopasuka halisahau.

Na kwa usiku weka nje dozi ya usiku huo tu, kwenye kifuniko cha chupa. Kopo zima lisilale karibu na mto.

Mtu mzima asipite miligramu 400 za tramadol kwa siku, na mwenye zaidi ya miaka 75 asipite 300. Akizidisha, hatari si usingizi peke yake. Tramadol inaweza kuleta degedege, hata kwa mtu asiye na kifafa. Hatari inapanda zaidi kwa wanaokunywa dawa za sonona kama amitriptyline au fluoxetine, na kwa wanaotibiwa kifua kikuu sugu kwa linezolid. Akianguka na kutetemeka: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu na kichwa, angalia saa, na USIMTIE KIJIKO MDOMONI. Kijiko kinavunja meno, hakizuii kitu. Halafu hospitali, pamoja na plaketi yenyewe mkononi.

FarmasiYaKona

Nianze na mahali ambapo vidonge vinapungua kabla hata ya kufika nyumbani: kaunta.

Dawa inayomwagwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye sashe haina namba ya toleo, haina tarehe ya kuisha, na haihesabiki kwa jicho. Omba plaketi zilizofungwa. Kama hakuna ila za kopo, mwambie muuzaji azihesabu mbele yako kwenye sinia, wewe uhesabu baada yake, kisha aandike juu ya sashe jina la dawa, miligramu, idadi na tarehe. Asione haya mtu kufanya hivyo. Kosa la kuhesabu 48 ukadhani 50 hutokea kwenye kila kaunta duniani. Ukishavuka mlango, hakuna wa kukuamini.

La pili, idadi inaweza kuwa kamili na dawa isiwepo. Mnaohesabu vidonge tu mnaibiwa kwa njia hizi:

Kapsuli inafunguliwa, unga unamwagwa, inafungwa tena. Ishikwe karibu na sikio na itikiswe. Iliyojaa haina sauti ile ile na iliyo tupu, na kiungo cha katikati huonyesha mkunjo au alama ya kidole.

Kapsuli inabadilishwa na nyingine inayofanana. Rangi hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo usitegemee rangi. Tegemea maandishi yaliyochapwa juu yake, na upige picha ya ile ya kwanza siku uliyonunua.

Kidonge cheupe kinabadilishwa na paracetamol. Hiki ndicho cha hatari zaidi, nesi ataeleza kwa nini.

Aluminiamu ya nyuma inachanwa kwa wembe na kubandikwa tena kwa gundi. Pitisha ukucha. Iliyotoka kiwandani ni laini yote, iliyobandikwa ina ukingo.

YayaMado

Wote mnazungumza kama vile kila kidonge kilichopungua kimeibwa na kijana. Katika nyumba zetu kuna njia mbili nyingine, na hakuna anayeziita wizi.

Ya kwanza ni kukopeshana. Jirani anaumwa jino, mama mwenye nyumba ana huruma, anampa "zile kali za papa" mbili. Wiki ijayo ni mkwe mwenye mgongo. Kwake hilo ni wema kama kugawa chumvi. Haoni kwamba ametoa siku nzima ya mgonjwa, na kwamba jirani anaweza kuwa na mimba, kifafa au dawa nyingine mwilini.

Ya pili ni dawa kutupwa kwa imani. Mtu amewekewa mikono, ametangazwa mzima, na ndugu wanamwaga kopo chooni ili shuhuda isimame. Wanafanya kwa moyo safi kabisa. Baada ya siku moja mgonjwa anaanza kutapika na kutetemeka, wanasema ni pepo anatoka. Siyo pepo, ni mwili unadai dawa uliyozoea. Mgonjwa akitaka kuombewa aombewe, lakini kupunguza dozi ni kazi ya daktari, kidogo kidogo, kwa wiki nyingi.

Kwa hiyo swali la kuuliza nyumbani lisiwe "nani ameiba?" Uliza: "nani amempa mtu dawa hii?" Utashangaa mikono itakayoinuka.

PapaKenya

Yaya umesema kweli. Swali langu ni la haraka kwa nesi. Mtu anakunywa tramadol 50 mara 3 kwa miezi mingi. Jumamosi asubuhi anakuta zimebaki 4 tu, na daktari wake anaonekana Jumatatu. Anafanya nini?

NesiRuashi

Papa, kwanza asingoje Jumatatu kama anaweza kufika mahali. Dharura za hospitali kubwa, Sendwe kwa mfano, hazifungi Jumamosi. Anakwenda na ordonansi, kaye na plaketi zilizobaki, anasema sentensi moja: "nakunywa tramadol miligramu 150 kwa siku kwa miezi kadhaa, zimebaki 4, naogopa kukata ghafla." Maneno "kukata ghafla" yanamfanya mganga asikie tatizo tofauti na "nataka tramadol".

Kama hawezi kabisa kutoka, kosa kubwa ni kuzinywa tatu Jumamosi na kubaki na moja. Azigawe: moja asubuhi na moja usiku Jumamosi, moja asubuhi na moja usiku Jumapili. Jumatatu alfajiri yuko njiani. Anapungukiwa, ndiyo, lakini mwili hauporomoki mara moja. Angalizo: hii ni kwa kapsuli za kawaida. Zile za kuachia polepole, za 100, 150 au 200 zinazonywewa kila saa 12, hazikatwi wala hazisagwi. Ukizisaga, dawa ya saa 12 inaingia yote kwa mara moja.

Katikati anajazia na paracetamol: gramu 1, yaani vidonge 2 vya 500, kila saa 6, visipite 8 kwa siku. Mtu mwembamba wa chini ya kilo 50 hesabu yake ni miligramu 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, kwa hiyo wa kilo 40 anakunywa 600, si 1,000.

Sasa mtego. Kuna vidonge vya mchanganyiko, Ixprim na ndugu zake, vyenye tramadol 37.5 na paracetamol 325 ndani ya kimoja. Anayekunywa 8 kwa siku tayari ana paracetamol 2,600. Akijazia nyingine gramu 4 amefika 6,600, na ini halisamehei. Ubaya wa sumu ya paracetamol ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia vizuri tu. Macho ya manjano yanakuja baadaye. Dawa yake ya kuokoa inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Ndiyo maana FarmasiYaKona anaogopa paracetamol iliyojificha ndani ya plaketi ya dawa nyingine.

Ibuprofen 400 baada ya chakula, hadi mara 3, inasaidia mgongo na viungo. Haifai kwa mwenye kidonda cha tumbo, mwenye figo mbovu, mwenye mimba iliyopita miezi 5, wala aliyekauka maji kwa kuhara na kutapika. Na mtu anayekatiwa tramadol mara nyingi anahara.

PapaKenya

Aksanti sana nesi. Na atajuaje kama ni maumivu yenyewe au ni mwili unadai dawa?

NesiRuashi

Maumivu ya ugonjwa anayajua mahali pake. Ya kukatiwa dawa hayana mahali. Yanaanza karibu nusu siku hadi siku moja baada ya dozi ya mwisho: miayo mingi, makamasi na machozi bila mafua, jasho, ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa, tumbo kukata na kuhara, miguu isiyotulia, usingizi kukimbia. Siku ya 2 na ya 3 ndizo mbaya. Kwa wengi yanalegea ndani ya wiki. Tramadol ina kingine juu yake, kwa sababu inagusa pia kemikali za ubongo zinazobeba hisia: hofu kubwa, mchomo kwenye vidole kama sindano, mara chache kuona vitu visivyokuwepo. Familia inaona hayo na kusema amerogwa. Maji yenye chumvi na sukari, kimya, mtu wa kukaa naye, na hospitali akichanganyikiwa au akipata degedege.

Jambo la mwisho kabla sijatoka zamu. Aliyekaa siku kadhaa bila dawa, hasa wa morfini, asirudi na dozi yake yote ya zamani kwa mara moja. Mwili umeshasahau kuibeba. Daktari ndiye aseme aanzie wapi. Pombe na diazepam (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) ziwe mbali kabisa.

MamaWaSS

Kwa wazazi wa watoto wa SS. Mtoto wa chini ya miaka 12 hapewi tramadol wala codeine (nyingine ya jamii ya morfini), hata kama ya kaka yake imebaki na yake imeisha. Ini la watoto wengine linazigeuza kwa kasi kuwa kali zaidi, na pumzi inasimama. Kwa hiyo dawa ikipungua nyumbani yenye watoto wawili wa SS wa umri tofauti, marufuku kuhamisha kutoka kopo moja hadi jingine. Paracetamol kwa kilo (wa kilo 20 ni miligramu 300), maji ya kutosha, blanketi. Juni na Julai usiku wa hapa unaleta kriizi (maumivu makali ya ghafla ya SS) zaidi ya wizi wowote, kwa hiyo joto nalo ni dawa. Ikishindikana ndani ya saa chache, hospitali. Homa ikifika 38.5, hospitali bila kungoja hata hizo saa chache.

Na makopo yatengwe: hydroxyurea (dawa ya SS yenyewe) peke yake, ya maumivu peke yake. Kapsuli kwa macho ya mtoto ni kapsuli.

FundiMbao_Kampemba

Mimi nina sanduku tu la kuchangia, mambo ya miligramu siyajui.

Kisanduku cha chuma cha kuwekea pesa kinauzwa sokoni, lakini kikiwa huru mtu anabeba kisanduku chote. Lazima kifungwe. Toboa matundu 4 kwenye kitako, pitisha skurubu za 5 kwa 50 kutoka ndani kwenda nje, na washa (kile kiduara cha chuma) pana chini ya kila kichwa ili chuma chembamba kisichanike. Ukuta wa matofali ya kuchoma au bloku unashika kwa plagi za plastiki za milimita 8. Ukuta wa tofali bichi haushiki: plagi inazunguka na kutoka na udongo wake. Hapo funga kwenye ubao wa sentimita 3 ulio ndani ya kabati, na kabati lenyewe lifungwe kwenye mhimili.

Angalia bawaba. Kama pini ya bawaba iko nje, kadena (kufuli) ni pambo, maana mtu anagonga pini kwa msumari na kufungua kwa nyuma. Chagua ya pini ya ndani au iponde kichwa.

Kufuli za namba tatu zina namba 1,000 tu. Kijana mwenye subira anazimaliza kwa jioni moja huku akiangalia mpira. Kadena ya ufunguo, milimita 30 inatosha. Funguo ni mbili: moja shingoni au kiunoni mwa mgonjwa, ya pili kwa mtu asiyelala nyumba hiyo lakini anayefika haraka. Zote mbili zikiwa ndani ya nyumba, ile ya pili ndiyo itakayotumika kuiba.

Kisiwe bafuni wala jikoni. Kuanzia Novemba hadi mvua zinapokatika kapsuli zinalegea na kushikana, halafu mtu anazitupa na hesabu inavurugika tena.

KijanaKamalondo

Wakubwa, na kama mtu amekosa kabisa? Barabarani watu wanauza za 225 moja moja. Si ni tramadol hiyo hiyo, tena kali zaidi?

FarmasiYaKona

Mdogo wangu, hospitali haina kidonge cha 225 wala 250. Vipimo hivyo vinajulikana kwenye biashara ya Afrika Magharibi, vinatengenezwa kwa soko la kulewa. Mgonjwa wa 50 akimeza kimoja cha 225 amekunywa dozi nne na nusu kwa mpigo, na viwili vinampitisha 400. Hiyo ni kama maandishi ya pakiti ni ya kweli, na mtu anayeuza kutoka mfukoni hana sababu ya kusema kweli. Ndani kunaweza kuwa na dawa ya kulegeza misuli au dawa nyingine kabisa ya jamii ya morfini. Afadhali siku mbili za paracetamol na kulalama.

MsafiriKasumbalesa

Niongeze kwa wanaovuka kwenda Zambia, kwa matibabu au biashara. Usipeleke vidonge kwenye sashe bila jina. Wale wa DEC (kikosi cha Zambia cha kupambana na dawa za kulevya) hawana mchezo na codeine wala tramadol, na sharubati ya kikohozi yenye codeine imeshapeleka watu mahabusu. Beba pakiti yenye etikete, ordonansi yenye jina lile lile la pasipoti, barua ya daktari yenye jina la dawa la kisayansi na dozi, na idadi ya siku za safari pamoja na mbili tatu za akiba, si kopo la miezi mitatu. Zilizobaki zibaki kwenye sanduku la FundiMbao, na kaye iandikwe: "zimeondoka 24, safari". La sivyo ukirudi utawashtaki watu kwa dawa uliyoibeba mwenyewe.

YayaMado

Hiyo "zimeondoka 24, safari" ndiyo mistari inayookoa ndoa.

MwanaKatuba

Narudi kwa sehemu ya daktari, maana wengi wanaogopa kusema. Wanaogopa kuonekana wamezila zote au wameuza. Daktari anaamini karatasi zaidi ya kiapo. Peleka vitu vitatu: kaye, plaketi zote pamoja na zilizo tupu (zina namba ya toleo), na pendekezo lako la mabadiliko. Pendekezo lenye nguvu kuliko yote ni kuchukua dawa za siku 7 kwa mara moja badala ya 30. Ni usumbufu na nauli, najua. Lakini kitakachopotea safari nyingine ni cha siku chache, na daktari anaona mtu anayetafuta ulinzi kuliko anayetafuta dawa. Usiseme "zimeibwa zote" kama ni 7. Ukikamatwa na uongo mmoja, mengine yote yanakufa.

Kwa morfini usicheleweshe hata siku moja. Iko chini ya Mkataba wa Kimataifa wa 1961, hospitali inaiandika kwenye daftari, na iliyopotea lazima ionekane imepotea. Tramadol haimo katika mkataba huo, ndiyo maana inauzwa ovyo hivi.

FarmasiYaKona

Umegusa morfini ya maji, nami nilitaka kuisema. Watu wanabandika utepe kwenye chupa na kuchora mstari wa kila siku. Ni vizuri, ila mwizi wa morfini ya maji anaongeza maji, na mstari unabaki pale pale. Dalili: rangi kupauka kama hospitali iliitia rangi, ladha kupungua uchungu, na mgonjwa kuanza kulia saa mbili baada ya dozi badala ya nne.

Kosa linalofuata ndilo linaloua. Familia inaona dozi haifanyi kazi, inaongeza mililita kutoka 5 hadi 10. Siku ya nane chupa mpya inafunguliwa, nzima, haijatiwa maji, nao wanaendelea na 10. Ukifungua chupa mpya, rudi kwenye dozi iliyoandikwa na daktari, kwa seringi na si kwa kijiko, na mtu akae na mgonjwa saa kadhaa za kwanza. Soma pia etikete: kuna ya miligramu 1 kwa mililita na kuna ya 10 kwa mililita. Chupa zinaweza kufanana, dawa ni mara kumi.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima akishuka chini ya 12, na huwezi kumwamsha vizuri, mlaze ubavu na kimbia. Chini ya 8 usingoje hata kuvaa viatu. Naloxone ya sindano ni kazi ya wauguzi. Inarudisha pumzi, lakini kwa aliyezidisha tramadol haizuii degedege, kwa hiyo waambieni ni dawa gani.

KijanaKamalondo

Na aliyechukua, akipatikana? Apelekwe polisi?

YayaMado

Inategemea amechukua kwa nini. Aliyeuza ni kesi moja. Aliyenywa kila siku kwa mwezi ni kesi nyingine, naye sasa ni mgonjwa: ukimfungia chumbani bila kitu atapitia yale yote nesi aliyoyaeleza, na anaweza kupata degedege huko huko. Anapelekwa kituo cha afya, anasema ukweli alikuwa anameza ngapi, anapunguziwa. Aongee naye mtu mmoja, mjomba au yaya anayemheshimu, si baraza la ukoo mbele ya majirani. Akishaaibishwa mbele ya wote hatasema idadi ya kweli, na idadi ndiyo muuguzi anayoihitaji.

FundiMbao_Kampemba

Mimi sikubaliani kidogo, yaya. Polisi hapana, sawa, lakini nyumba nzima ijue kuna sanduku na kuna hesabu. Ukificha, atatafuta kwingine.

YayaMado

Wajue kuna hesabu, ndiyo. Wasijue ufunguo wa pili uko kwa nani.

MamaWaSS

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mgonjwa wa kansa akifariki na morfini imebaki, inakuwaje? Kwenye kilio nyumba imejaa watu, kila mlango uko wazi.

FarmasiYaKona

Mama, hiyo ndiyo siku dawa zinapotea zaidi ya siku zote, na hakuna anayehesabu. Kabla turubai halijafungwa uani, mtu mmoja wa familia aingie chumbani, akusanye chupa, kapsuli, na plasta za fentanyl (dawa kali sana ya jamii ya morfini, hubandikwa kwenye ngozi) kama zilikuwepo, hata zile zilizokwishatumika, maana zina dawa ndani bado na mtoto akiibandika inaweza kumuua. Zikunjwe upande wa gundi kwa ndani. Vyote kwenye mfuko mmoja, andika idadi kwenye kaye, funga kwenye sanduku. Baada ya maziko vinarudishwa farmasi ya hospitali iliyovitoa, unaomba sahihi kwenye kaye. Asimwage mtu kisimani wala kwenye mfereji, na asimpe jirani mwenye kansa "ili zisipotee": dozi ya marehemu si dozi ya jirani.

Nani wa kutumwa? Yule mwenye ufunguo wa pili.